Wauguzi Waliolala Usingizi Wangu

Haya nitakayowasimulia ni kweli tupu, na sitaki mtu anikunjie uso. Naapa kwa Aliyeziinua mbingu bila nguzo, hakuna hata neno moja nililolitia chumvi. Chumvi yenyewe nimekatazwa na daktari tangu nipate presha. Asiyeamini aende akawaulize watu wa Munje. Na watu wa Munje wakikana, basi wao ndio waongo, maana nawajua.

Ilikuwa mwaka ule wa mvua, mwisho wa tisini na saba kuingia tisini na nane. Ilinyesha Oktoba, ikanyesha Novemba, ilipofika Desemba ikasahau kabisa kwamba mvua nayo hupumzika. Barabara ya kuelekea Lungalunga iligeuka mto. Mimi kwa macho yangu nilimwona samaki akiivuka, na kabla ya kuvuka akatazama kulia na kushoto, adabu ambayo madereva wetu hawana mpaka leo. Mbu walinenepa hata wakawa hawapenyi kwenye matundu ya chandarua, wakawa wanakaa nje wanasubiri mtu atoke kwenda msalani.

Wakati huo nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Nilikuwa mtunza stoo ya mashuka katika hospitali moja ndogo ya huku kusini. Jina lake silitaji, kwa sababu waliokuwa wakubwa wake bado wapo hai na wanaipenda mahakama kuliko walivyowapenda wagonjwa. Malaria ilikuwa imetuvamia. Kitanda kimoja kililaza watoto watatu, kichwa huku, miguu kule, kama dagaa waliopangwa na mtu mvivu. Wauguzi walikuwa wamebaki kumi na mmoja. Zamani walikuwa kumi na wanane, lakini baada ya zile fujo za mwezi wa Agosti, za kuwafukuza watu wa bara huku pwani, wengi wa bara walifunga virago wakaenda zao, na hakuna aliyeajiriwa badala yao. Katibu wa hospitali alipoulizwa, alisema kumi na mmoja wanatosha, kwani hata timu ya mpira huwa ni watu kumi na mmoja. Akacheka peke yake.

Ngoja niwaeleze huyo katibu, maana ukimjua yeye umezijua ofisi zote za nchi hii. Bwana Mramba aliitwa. Alikuwa na feni ofisini, na kochi, na kibao cha kuning'iniza mlangoni kilichoandikwa "Mkutanoni". Kila siku baada ya chakula cha mchana kibao kilitoka nje, na mkutano ukaanza. Mkutano huo ulisikika mpaka wodi ya wazazi. Vichanga waliozaliwa asubuhi walinyamaza wapate kuusikiliza, wakidhani ndiyo sauti ya dunia waliyoijia, na hawakukosea sana.

Wakati yeye akiwa mkutanoni, wauguzi walikuwa wakianguka. Sista Bushra, mwenyeji wa Munje, alitoka zamu ya usiku asubuhi moja akatembea mpaka kwao akiwa amelala fofofo. Njiani aliwaamkia watu kumi na wawili, wakubwa wote kwa shikamoo, akakata bei ya mchicha, akafika, akafungua mlango. Mama yake alipomuuliza kuhusu huo mchicha ndipo akazinduka, akasema yeye bado yuko wodini.

Lakini aliyebeba mzigo mzito kuliko wote ni Kavenya. Binti huyu alikuwa wa Wakamba wa mashamba ya makazi kule Shimba Hills, watu wa kulima mahindi na kusali Jumapili. Wenzake wa bara walipokimbia, yeye alisema mama yake ni mjane, ndugu zake wawili wako shule, na mshahara hauna miguu ya kumfuata mtu Machakos. Akabaki. Na ukibaki, Bwana Mramba anakupa shukrani zake: zamu ya usiku, ambayo kwa desturi ni masiku saba kisha mtu anapumzika, kwa Kavenya ikawa kumi, kumi na tano, ishirini.

Utasema alilala mchana. Wapi. Chumba alichopanga kilikuwa nyuma ya hospitali, bati juu, na ukuta mmoja ukiwa wa pamoja na mashine ya kusaga unga ya bwana mmoja anaitwa Menza. Mashine ile ikiwashwa asubuhi, vikombe vinatembea mezani. Kulala mle ni kama kulala ndani ya ngoma ya arusi. Ikizimwa jioni, Kavenya naye anavaa sare anarudi kazini.

Sasa ndipo akaja Daktari Musyoki kutoka Nairobi. Daktari wa makaratasi, si wa watu. Sidhani kama aliwahi kumshika mgonjwa mkono ila kumwonyesha pa kutia sahihi. Alikuja na gari kubwa lililokwama matopeni mbele ya geti, akasukumwa na jamaa za wagonjwa, akatufahamisha huku akifuta viatu kwamba amekuja kuchunguza usingizi wa wauguzi na afya ya akili zao. Mtu mwenye macho angewatazama tu nyuso zao akamaliza uchunguzi kabla chai haijapoa. Yeye alileta madaftari ya buluu. Kila muuguzi lake, siku ishirini na moja kuanzia mwaka mpya. Safu ya kwanza: umelala saa ngapi. Ya pili: umeamka saa ngapi. Ya tatu: kabla ya kulala ulikula au kunywa nini. Ya mwisho: unajisikiaje moyoni.

Akahitaji mtu wa kuyagawa na kuyakusanya. Bwana Mramba akanitaja mimi, kwa kuwa, alisema, mashuka hayakimbii. Na Daktari Musyoki akaniahidi cheti. Cheti chenye fremu, jina langu kwa wino wa dhahabu, na chini yake "Mtafiti Msaidizi".

Mnicheke mkitaka. Mimi niliishia darasa la tatu. Kusoma nilijifunza kwa magazeti ya kufungia nyama, ndiyo maana habari nyingi nazijua nusu, nusu nyingine ilibaki kwenye nyama ya jirani. Mtu kama huyo ukimwambia cheti, hata ukimtuma akahesabu nywele za paka ataleta jawabu.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeandama siku hizo hizo. Nikayagawa madaftari, na baada ya siku nne nikapita kuyatazama. Meupe. Bushra alikuwa analifanya lake kipepeo cha kujipepea. Kavenya nilimkuta mlangoni pa wodi ya watoto, ameegemea kizingiti, macho mekundu kama ya mvuvi wa pweza. Nikamsihi aandike japo mstari mmoja, kwa ajili ya sayansi.

"Mzee Haji," akaniambia, pole pole kama mtu anayetoa maneno kisimani, "ukitaka kujua ninavyolala, nipe shuka moja nilale. Kisha uandike wewe."

Mimi nikaishika ile sehemu ya mwisho tu.

Nikajifungia stoo na kalamu nne za rangi mbalimbali. Mkono wa kulia niliwaandikia sita, mkono wa kushoto watano, ili miandiko isifanane. Na nisije nikaonekana mzushi, sikuzua kitu. Nilichukua usingizi wa mtu ninayemjua, mtu anayelala vizuri kuliko wote katika wilaya nzima ya Kwale, nikawagawia. Mtu huyo ni mimi. Mimi nikilala usiku ni muda wa saa nane kamili, kisha nina kipande cha asubuhi juu ya marobota ya mashuka. Nikaubeba usiku wangu nikaugeuza mchana wao: saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Safu ya chakula nayo nikaijaza kwa uaminifu. Kwenye moyo nikaandika "furaha tele", na kwa Kavenya, kwa kuwa nilimwonea huruma, nikaandika "furaha tele sana". Siku ishirini na moja, wauguzi kumi na mmoja. Nilichoka hata nikalala.

Siku zilipotimia, Musyoki alipoyapokea alikaribia kunibusu. Akasema hajapata kuona data safi namna ile. Siku mbili baadaye alikuwa ameshapiga chapa ripoti ya kurasa arobaini.

Basi usiku wa ishirini na sita wa Kavenya ndio ukatokea mkasa.

Wodi ya watoto ilikuwa na kitanda nambari tisa. Wiki mbili nyuma yake, kitanda hicho kilimlaza mtoto wa miaka minne aliyeletwa kutoka Mkwiro, malaria imempanda kichwani. Alimfia Kavenya mikononi wakati wa adhana ya alfajiri, yeye peke yake na watoto wengine thelathini na tano wanamwita. Hakupata hata dakika ya kukaa chini. Kisha kitanda chenyewe kikavunjika springi, kikasukumwa pembeni kitupu. Basi asubuhi ya usiku ule wa ishirini na sita Bwana Mramba, ambaye huingia wodini mara moja kwa mwaka kama mfungo, alikuwa akimtembeza Daktari Musyoki kumwonyesha hospitali. Nami nilikuwa nyuma yao nimebeba mashuka. Wakakiona kitanda nambari tisa kimetandikwa vizuri, chandarua kimechomekwa pande zote, na chati inaning'inia. Mramba akaisoma. Kila baada ya saa nne, masiku kumi na moja mfululizo, kwa mwandiko mzuri wa Kavenya: joto thelathini na saba, amekunywa maji, amelala vizuri.

Chini ya chandarua hamkuwa na mtu.

"Sista," Mramba akamuuliza, kicheko kimembana, "mgonjwa wako wa nambari tisa yuko wapi?"

Kavenya akaweka kidole mdomoni.

"Amelala. Msimwamshe."

Nimekuwa mpuuzi maisha yangu yote, lakini pale hata mimi sikucheka. Mramba alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha ghafla, kwa sababu alikumbuka jambo: bodi ya hospitali ikisikia, itauliza muuguzi huyu amefanya kazi masiku mangapi na nani aliyempanga. Hapo hapo akapata dawa. Kama Kavenya amechoka, kosa ni la Mramba. Kama Kavenya ni mwendawazimu, kosa ni la Mungu, na Mungu hahojiwi na bodi.

Kesho yake akaitisha kikao. Barua ilikuwa imeshaandikwa, inangoja sahihi tu: aachishwe kazi, hafai kwa sababu ya maradhi ya akili aliyokuja nayo kutoka kwao. Mtu akitoka na barua hiyo hapati kazi ya kumuuguza hata kuku.

Kikaoni tulikuwa watano. Mramba chini ya feni yake. Musyoki na madaftari. Bi Mwanafatuma, metroni, yaani mkuu wa wauguzi, mama wa makamo kutoka Vanga, aliyefanya kazi ya uuguzi tangu wakati sindano zikichemshwa sufuriani. Anaongea kidogo na anaona mengi, aina ya mtu nisiyempenda kabisa. Kavenya kwenye kiti cha mbao, sare ameipiga pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Na mimi mlangoni, maana juu ya meza niliona kitu kimefungwa kwa karatasi ya kung'aa, na ncha ya fremu imetokeza.

Musyoki akasoma. Kwa wastani, wauguzi wa hospitali hii hulala saa nane kwa siku, wanaongoza katika utafiti wake wote, na nyoyo zao zina furaha. Daftari la Sista Kavenya ni miongoni mwa yale mazuri zaidi. Kwa hiyo kisayansi, akasema, hali yake haiwezi kuwa imeletwa na kazi.

Kavenya akasema yeye hakuandika neno lolote katika daftari hilo.

"Mnaona?" akasema Mramba, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kununua dukani. "Hata alichokiandika kwa mkono wake amekisahau. Maskini. Hiyo ndiyo dalili yenyewe."

Nilimwona Kavenya akifungua mdomo, akaufunga. Amefahamu kwamba kila atakalosema litahesabiwa wazimu. Akaitazama mikono yake kama mtu anayeikagua kama kweli ni yake. Halafu akageuza shingo, akanitazama mimi.

Mramba naye akanitazama. Akasema ili jambo lisiwe na shaka, mkusanyaji aape kwamba madaftari yaliandikwa na wauguzi wenyewe. Akaisogeza ile fremu kidogo, hivi, kwa kidole kimoja.

Nikaapa. Wallahi, nikasema, wameandika wao kwa mikono yao. Ulimi haukukwama hata kidogo. Ndivyo nilivyo, na kama mlidhani katika hadithi hii kuna mtu mmoja safi ndiye mimi, mmechelewa sana kuamka.

Kavenya akaacha kunitazama. Mramba akachukua kalamu.

Bi Mwanafatuma akanyoosha mkono, si kwa barua, kwa madaftari. Akachagua moja katikati, akalifungua, akavaa miwani.

"Mzee Haji, umefunga?"

"Nimefunga, Bi Mwanafatuma."

"Alhamdulillahi. Na Bushra, unamjua Bushra, hufunga?"

Nikamwambia Bushra hufunga hata Rajabu na Shaabani, hafungui ila kwa sheria. Nilitaka kumsifu mtoto wa watu.

"Hili daftari lake. Nisomee siku ya kumi, hapo kwenye chakula."

Nikasoma. Na nilipokuwa nasoma ndipo nikasikia ninachokisoma. Saa mbili na nusu asubuhi: chai ya maziwa, mahamri mawili, mbaazi za nazi.

"Siku ya kumi na moja?"

Chai ya maziwa, mahamri mawili, mbaazi za nazi.

"Ya kumi na mbili ruka, ni mbaazi. Nimeshaitazama." Akashusha miwani. "Mwanamke ana siku zake za ruhusa, hilo nalijua kuliko ninyi mabwana wote hapa. Lakini siku ishirini na moja mfululizo? Huyo ningekuwa nimeshamzika."

Akayafungua mengine. Wauguzi saba Waislamu, mwezi mtukufu, mchana kweupe, wote mahamri mawili. Hata idadi sikuibadilisha, mjinga mimi. Nilipokuwa nayaandika niliona safu ya chakula, nikaandika chakula, kama nilivyokila asubuhi ile, na jana yake, na juzi yake, ndani ya stoo, mlango nimeufunga kwa ndani. Kilitoka kwa Mama Kanze, Mgiriama mmoja Mkristo mwenye kibanda nyuma ya ukuta wa hospitali, ambaye Ramadhani huning'iniza pazia la gunia na haulizi mtu jina. Saumu sikuwa nayo tangu mwezi unaandama. Nilisema nimefunga kama watu wanavyosema hawajambo.

"Hata mashuka," akasema Bi Mwanafatuma, "siku hizi yanakuja wodini yana madoa ya tui. Nikadhani ni dawa mpya."

Daktari Musyoki alikuwa amelichukua daftari moja, akachukua la pili, akayaweka sambamba, na rangi ikawa inamtoka usoni ukurasa kwa ukurasa. Mramba akasema mambo ya dini yasiingizwe katika sayansi. Feni iliendelea kuzunguka.

"Mzee Haji," metroni akaniambia, na hakupandisha sauti, "huyu binti anaondolewa akili yake kwa karatasi hizi. Usingizi huu wa nani?"

Ningeweza kuzua. Katika maisha yangu sijawahi kukosa la kuzua. Nikamtazama Kavenya, lakini yeye hakunitazama tena. Alikuwa anatazama barua.

"Usingizi ni wangu," nikasema. "Na mbaazi ni zangu."

"Na kile kiapo?"

"Nacho changu."

Basi akatoa mkobani kitabu chake cha zamu, kile cha kweli, kilichochakaa pembe, akakiweka juu ya barua ya Mramba. Masiku ishirini na sita, na chini ya kila zamu sahihi ya katibu mwenyewe. Mramba akaanza kueleza kuhusu timu ya mpira. Metroni akamkata kwa upole.

"Mimi mwaka wa sabini na moja nilikesha masiku kumi tu, Bwana Mramba. Nilimwona marehemu mama yangu anapiga deki wodi ya wazazi. Nikamshukuru, maana ilikuwa chafu. Mbona sikufukuzwa?" Akavuta barua kutoka chini ya kitabu, akaikunja mara nne. "Kavenya atalala siku ishirini na moja, na mshahara wake. Ama kitabu hiki na madaftari haya vinapanda gari moja kwenda Kwale, na Daktari atawaeleza huko mbaazi ni nini."

Musyoki alisema kwa haraka kwamba yeye anaunga mkono mapumziko. Mramba akatia sahihi. Msidhani alipata adhabu. Watu wa aina yake hawaadhibiwi, huhamishwa. Mwaka uliofuata alipandishwa cheo akaenda kufanya mikutano yake Mombasa, ambako makochi ni marefu zaidi. Ripoti ya Musyoki ilitoweka, na cheti kikatoweka nayo. Sikukiona hata upande wa maandishi.

Tulipotoka nje, Kavenya akasimama kwenye baraza akinusa mvua. Nikasimama mbali naye, nikingoja matusi. Hakuwa na nguvu ya kutukana.

"Mzee Haji, huko kwenye daftari nililala vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu. Saa nane."

"Nikaota nini?"

Nikamwambia hapakuwa na safu ya ndoto. Akatikisa kichwa kama mtu aliyelitarajia jibu hilo, akaenda zake.

Mimi hesabu yangu Bi Mwanafatuma aliifanya pale pale barazani, kwa vidole. Kafara ya kiapo cha uongo: kulisha maskini kumi. Nikamwuliza maskini kumi nitawatoa wapi. Akasema wanatoka zamu sasa hivi, na yule wa kumi na moja ni zawadi. Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa mikono yangu, kwa kuwa mke wangu aliposikia sababu alikataa hata kuwasha moto. Waliokuwa na saumu wakala wakati wa futari, wasiokuwa nayo wakala nao, na wote kumi na mmoja walitafuna huku wananitazama. Bushra peke yake ndiye aliyesema kitu: aliuliza kama mbaazi zimekwisha.

Saumu nilizokula ni kulipa, siku kwa siku, baada ya Idi. Ishirini na moja, zile zilizoandikwa madaftarini. Na kwa kuwa, alisema metroni, binti amepewa siku za kulala lakini hakupewa mahali, niende nikahakikishe analala.

Hapo ndipo nilipojua kazi ni nini. Mtu aliyekosa usingizi muda mrefu namna ile hausahau tu kama mwavuli. Umemkimbia, na akiuita hauji. Siku ya kwanza Kavenya alilala dakika arobaini, akatoka mbio akiuliza nani yuko na watoto. Nikamwambia wapo na Bushra. Akarudi ndani. Siku ya pili, saa moja. Mimi nilikaa nje kwenye kreti la soda lililopinduliwa, mgongo kwenye mlango wake, na ng'ambo ya ukuta Menza anataka kuwasha mashine. Tukagombana wiki nzima. Mwishowe akakubali kusaga jioni tu, kwa sharti kwamba wateja wa asubuhi niwakabili mimi. Wakawa wanakuja akina mama na mahindi yao kichwani, nawaambia kwa kunong'ona mashine haiwashwi, kuna mtu amelala. Mmoja akaniuliza ni mtu gani huyo analala mchana wote, sultani? Nikamwambia ni nesi. Akatua ndoo yake, akafikiri, akasema ndiye aliyemshikia mwanawe dripu mwezi uliopita, akaondoka kwa ncha za vidole. Mwingine akanitukana mpaka marehemu babu yangu. Naye alitukana kwa kunong'ona.

Idi ikapita, nikaanza kulipa. Sasa nilikuwa mlinzi mwenye njaa. Mama Kanze alikuwa akipita mbele yangu saa mbili na nusu kamili na sinia lake, amelifunua makusudi, na huku akiniuliza habari za asubuhi. Mapajani nilikuwa na daftari la buluu, moja lililobaki, na amri ya kuandika nikionacho tu, wala nisiongeze hata dakika. Kila jioni metroni alilipitia.

Siku ya tisa ya kulipa, Kavenya alikuwa amelala kwa saa sita na robo, na bado hajaamka. Nikaandika. Bi Mwanafatuma alipofika hakuniamini, na sikumlaumu. Akaenda akatega sikio mlangoni, akakaa hivyo kitambo kirefu, utu uzima wote ule ameinama, mpaka akausikia mkoromo mdogo, wa taratibu, wa mtu asiyengojwa na yeyote. Akarudi, akatia sahihi. Kisha akaniambia nifungue mdomo, akautazama ulimi wangu kwa mwanga wa jua la magharibi, kama anavyotazama wa mgonjwa anayedai ameshameza dawa.

"Mweupe, ulimi wa saumu," akasema. "Zimebaki kumi na mbili."